Nina 35,000, natafuta jinzi ya kazi isiyochanika msamba. Kariakoo au Karume?

MamaTwaha_Buguruni

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Nimepata kazi ya ukarani wa ghala huku Vingunguti, naanza Jumatatu, siku kumi na moja kutoka leo. Mashati mawili na viatu vya kazi wanatoa wenyewe. Suruali kila mtu anajitegemea, nayo lazima iwe jinzi ya bluu iliyokolea, isiyo na matundu, isiyobana. Nimekaa nyumbani mwaka na nusu tangu nijifungue, kwa hiyo mnaweza kujua nilivyoipokea hii kazi. Nikishatoa nauli ya mwezi wa kwanza na pesa ya binti wa kubaki na mtoto, kwa suruali inabaki 35,000. Sitaki kukopa kwa ajili ya nguo.

Sasa shida yangu ni umbo. Kiuno changu inchi 30, hipsi 42, urefu futi 5 na inchi 2. Suruali ikinikaa kiunoni haipiti mapajani. Ikipita mapajani, nyuma kiunoni unaingiza ngumi nzima. Na kazi yenyewe ni kuchutama kusoma namba za maboksi ya chini, kisha kupanda ngazi kusoma ya juu, kutwa nzima, na wenzangu wengi pale ni wanaume. Siwezi kufanya kazi huku mkono mmoja unavuta suruali.

Jinzi ya mwisho niliyonunua mpya ilikuwa spesho, yaani si ya mtumba, duka moja la Kariakoo, 28,000. Muuzaji aliniapia kwamba kitambaa ni cha Uturuki. Siku ya kwanza ilichuja mpaka mapaja yakawa ya bluu, na kochi la wifi yangu la rangi ya maziwa likaingia doa ambalo nililisugua kwa sabuni na mswaki mpaka mkono ukauma, na doa halikutoka hadi leo. Mwezi wa pili mapajani ikaanza kutoa vinyuzinyuzi. Wiki ya nane nikainama kunyanyua ndoo ya maji, ikaachia msambani kuanzia mbele hadi nyuma, mama mkwe amekaa barazani ananitazama. Nilivua khanga begani nikajifunga. Nilipoirudisha dukani muuzaji alisema nimenenepa. Sikuwa nimenenepa. Ile 28,000 niliipata kwa kuuza maandazi wiki tatu.

Tangu hapo nina jinzi moja nyeusi, kauka nikuvae, na imeshapauka, hawataikubali kazini.

Naomba mnisaidie. Niende Kariakoo tena au nijaribu mtumba Karume? Nitajuaje kitambaa kizuri kabla sijatoa hela? Na kuna namna yoyote ya kupata jinzi inayokaa kiunoni kwa mtu mwenye umbo kama langu?

Kimara_Mwisho

Hongera kwa kazi dada. Kwa hela hiyo achana na mtumba, nenda Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, spesho zipo hadi za 20,000. Usioneshe kwamba una haraka. Ukishanunua iloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, haitachuja tena.

Baba_Kadeti

Mimi ningekwambia kadeti, zile suruali za kitambaa. Nyepesi, inakauka haraka, na mafundi wanashona kwa vipimo vyako mwenyewe.

MamaTwaha_Buguruni

Asante kaka. Kadeti niliuliza, msimamizi akakataa, anasema maboksi yana pini na mbao za kubebea mizigo zina misumari, kadeti zinachanika. Ni jinzi tu.

Jinzi_Tu_Karume

Dada, mimi nauza jinzi tu pale Karume, mwaka wa kumi na mmoja huu, ukitoa miezi niliyokaa bila biashara soko lilipoungua Januari 2022. Ngoja nikueleze mzigo unavyotembea, hapo ndipo utajua uje siku gani na utafute wapi.

Robota langu la jinzi lina kilo 45. Jinzi moja nzito inazidi nusu kilo, kwa hiyo mle ndani unapata sabini na ushee. Nikishakata kamba kazi ya kwanza ni kuchambua. Za juu, kumi au kumi na tano, natundika kwenye henga, naanzia 18,000 mpaka 25,000. Za katikati napanga mezani, 8,000 mpaka 12,000. Zilizobaki zinamwagwa chini kwenye turubai, 3,000, jioni hata 2,000.

Wanaochukua zile za henga wengi si wavaaji. Ni watu wa maduka ya Sinza na Mwenge, na wadada wanaouza mtandaoni. Wanafika alfajiri na tochi za simu, wanachagua modo za kubana na mabwanga mapana yanayotamba sasa hivi, saa moja asubuhi wameshaondoka. Sasa jinzi unayoitaka wewe, ya bluu iliyokolea, mguu ulionyooka, kitambaa kizito, isiyo na urembo, hao hawaigusi kwa sababu haipigi picha vizuri. Inabaki mezani kwangu kwa 10,000 ikiwa nzima kabisa. Nimewauzia mafundi gereji na madereva wa malori hizo jinzi kwa miaka, nao wanarudi baada ya mwaka au miwili, si miezi miwili.

Kwa hiyo usitoke Buguruni alfajiri, hakuna sababu. Panda daladala za barabara ya Uhuru, fika saa moja na nusu hivi, Jumanne au Jumatano. Jumamosi watu ni wengi na sisi wauzaji hatushuki bei. Na njoo kabla ya mishahara, hapo tunaongea vizuri.

Vaa dera na taiti ndani. Hatuna chumba cha kujaribia. Kina mama wote wanaojua soko wanakuja na dera, unaipandisha suruali chini yake palepale kwenye meza, unachutama mara tatu, unavua, hakuna anayekutazama.

Usihangaike na lebo. Robota moja lina nguo za Marekani, Uingereza, Ujerumani, Korea. Moja imeandikwa 12, nyingine 40, nyingine 32, na zote tatu ukizipima zinaweza kuwa sawa. Hata ile 32 ambayo ingekuwa inchi, mimi nimepima nikakuta 34 kasoro kidogo, maana viwanda vinaandika namba ndogo ili mvaaji afurahi. Njoo na futi ya fundi. Funga zipu na kifungo, ilaze suruali mezani, pima kwa upana, zidisha mara mbili. Pima kiunoni, kisha shuka inchi nane chini ya kiuno pima hipsi, kisha paja pale linapoanzia.

Na ile ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni kuona kama ncha zinakutana: watu wanaipenda sana sokoni, na kwa mwanaume mwembamba inasogelea ukweli. Kwako itakudanganya. Itakupa suruali ya inchi 30 kiunoni, ukifika nyumbani haivuki magoti.

Chagua kwa hipsi na paja. Kiuno mwachie fundi.

Kimara_Mwisho

Mtumba jinzi zinakuwa zimeshavaliwa miaka, unanunua uchakavu wa mtu. Ni heri mpya.

Jinzi_Tu_Karume

Kaka, nyingine ni kweli zimechoka, ndiyo maana nachambua na ndiyo maana nyingine ni 3,000. Lakini iliyovaliwa na kufuliwa mara ishirini ikabaki nzima imeshaonesha tabia yake. Imeshachuja ilichotaka kuchuja, imeshasinyaa ilichotaka kusinyaa. Ile mpya ya dukani huijui. Yeye mwenyewe amekwambia yaliyomkuta.

Na unaweza kupima uchakavu kwa macho. Ingiza mkono ndani ya suruali, inua msamba juu uelekee jua. Ukiona mwanga umetawanyika kama kwenye chandarua, rudisha. Ukiona giza na vitundu vya sindano tu pale kwenye mshono, hiyo bado ina maisha. Halafu angalia magoti kwa ubavu, kama yamebaki yamevimba ilhali suruali imelala, mpira wake umeisha.

Nairobi_Mashariki

Hongera sana dadangu. Huku kwetu Gikomba ni vilevile, zile za kwanza kutoka kwa belo tunaziita kamera, na wenye maduka ndio hupata. Nilikuwa nikifanya kazi godauni huko Industrial Area miaka minne, na longi niliyovaa sana ilikuwa jinzi ya kiume ya shilingi 350 za Kenya. Jaribu za kiume pia. Mifuko ni mirefu, simu haidondoki ukiinama, na kitambaa mara nyingi ni kizito kuliko cha za kike. Tatizo ni hipsi, itabidi uchukue kubwa na kupunguza zaidi kiunoni.

Fundi_wa_Tandika

Mama Twaha, pole kwa kisa cha msamba. Mimi nashona Tandika, na wiki haipiti sijaletewa suruali tano sita zenye ugonjwa huo huo. Wengi wanadhani ni mshono umefumuka. Ukiiangalia, mshono mzima umebaki, kitambaa pembeni yake ndicho kimekatika. Mapaja yanasuguana kila hatua, kitambaa chembamba kinaliwa taratibu, siku ukichutama kinaachia. Hukunenepa. Ulipewa kitambaa chembamba.

Geuza jinzi ndani nje utaona weupe. Nyuzi za urefu zimetiwa rangi ya nili, za upana zimeachwa nyeupe, na zinafumwa kwa mshazari ndiyo maana unaona vimistari vinapanda kwa kulala. Nili haizami mpaka kiini cha uzi, inakaa juu juu. Kwa hiyo kila jinzi inapauka, na kila jinzi mpya inachuja kidogo. Inayochuja mpaka kwenye kochi ni ile iliyotiwa rangi nyingi kiwandani bila kuoshwa vizuri. Chukua leso nyeupe, ilowanishe, sugua sehemu iliyofichika, ndani ya mfuko wa nyuma au chini ya mkanda. Leso ikibaki na kivuli cha bluu, sawa. Ikitoka bluu kabisa, iache hapohapo.

Ndugu yangu wa Kimara, kuhusu chumvi niruhusu nikusahihishe bila ubaya. Chumvi inasaidia aina nyingine za rangi wakati wa kutia rangi zenyewe. Nili haishikwi na chumvi, wala siki. Kinachosaidia ni kufua ukiwa umeigeuza ndani nje, maji baridi, peke yake mara tatu nne za mwanzo, na kuanika kivulini.

Kuhusu mpira. Soma kile kilebo cha ndani ubavuni, si cha kiunoni. Pamba mia kwa mia ni ngumu mwanzoni lakini inadumu. Ikiwa na elastane au spandeksi asilimia 1 au 2, kwako wewe wa kuchutama ni nzuri zaidi, inakupa nafasi. Ikifika 4 au 5 huku pamba imepungua na poliesta imejaa, hiyo ni taiti iliyopakwa rangi ya jinzi. Lebo ikiwa imekatwa, vuta goti kwa mikono miwili, achia. Ikirudi haraka, mpira mzima. Ikirudi polepole na kuacha mawimbi, au ukiona vijiuzi vyeupe vyembamba vimechomoza, mpira umekatika na hakuna fundi wa kuurudisha. Joto ndilo linauua, hivyo usiipige pasi ya moto na usiianike kwenye bati.

Angalia zipu. Panda nayo na kushuka mara tano ukiwa umeikunja kidogo, kama mtu aliyechutama. Kichwa cha zipu kikiwa kimeandikwa YKK mimi huwa natulia, ni Wajapani hao, wako kwenye zipu tangu 1934, na zipu zao nimezikuta nzima kwenye suruali ambazo kitambaa kimeshakufa.

Na zile pini za shaba kwenye kona za mifuko, zikaguliwe kwa kidole, zisicheze. Watu wanaona urembo. Aliyezibuni alikuwa fundi cherehani kama mimi, Jacob Davis, mji wa Reno huko Nevada. Wateja wake walikuwa vibarua, mifuko ikawa inachanika kila siku, akaipigilia pini kama zile alizotumia kwenye matandiko ya farasi. Hela ya kusajili ubunifu hakuwa nayo, akamwandikia mfanyabiashara aliyekuwa anamuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, wakapata hataza pamoja tarehe 20 Mei 1873. Zamani waliweka pini hata msambani, baadaye ikaondolewa. Nalitaja hili kwa sababu jinzi ilianza kama nguo ya kazi, na wewe unaitafuta kwa kazi, basi usione aibu kuchagua ile nzito isiyopendeza machoni pa wauza mtandaoni.

Sasa kiuno. Kwa hipsi 42 utapata suruali ya kiuno 33 au 34. Tunatakiwa kuondoa inchi tatu mpaka nne. Fundi asiye mwangalifu atakata zote katikati nyuma, na mifuko miwili ya nyuma itasogeleana mpaka ikutane, suruali ikae kama imebanwa na kibanio. Mwambie hivi: atoe kishikio cha mkanda cha katikati, afumue mkanda nyuma, aondoe inchi mbili kwenye mshono wa makalio kwa umbo la V linaloishia chini ya kile kipande cha juu ya mifuko, zisizidi mbili. Kinachobaki agawe kwa kupenya, yaani kukunja kwa ndani na kushona, kidogo kushoto na kulia, kwenye hichohicho kipande cha juu. Kisha arudishe mkanda na kishikio. Atumie uzi mzito wa jinzi na sindano namba 16 au 18, si uzi wa shati.

Mguu wako najua utakuwa mrefu, utakatwa inchi tatu nne. Usimwachie fundi vile vipande. Ni kitambaa kilekile, rangi ileile. Mwambie akate vipande viwili vya umbo la jani, avipachike ndani ya msamba, kushoto na kulia, kabla hujaivaa hata siku moja. Apige cherehani mbele na nyuma kufuata ule mshazari wa kitambaa, mistari iwe karibukaribu, uzi wa bluu iliyokolea. Kwa nje huoni kitu. Kwa ndani mapaja yako yanasugua vitambaa viwili badala ya kimoja.

Mimi kwa yote hayo nachukua 8,000. Kwa hiyo katika 35,000 yako usitumie zote sokoni. Tenga ya fundi kwanza.

MamaTwaha_Buguruni

Fundi, nimesoma mara mbili na nimepiga picha ya maneno yako. Mungu akuzidishie. Swali moja: hivyo vipande vya msambani havitanichoma kwa ndani? Nina ngozi nyepesi, na ghala lile lina joto kweli.

Fundi_wa_Tandika

Vitachoma kama kingo zimekunjwa, kwa sababu pindo linaweka tuta. Mwambie asikunje. Apige ovaloki pembeni tu, au aache mbichi na kuzishona bapa. Kingo ziishie mbali na mshono mkubwa wa katikati, pale pana tabaka nyingi tayari. Na ivae na taiti fupi ya pamba siku za mwanzo.

Baba_Kadeti

Nimejifunza mengi hapa. Nilikuwa natupa jinzi kila zikichanika.

MamaTwaha_Buguruni

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Nimemaliza wiki ya kwanza kazini.

Nilienda Karume Jumatano, saa moja na nusu, nimevaa dera, futi ya fundi shingoni na leso nyeupe ya marehemu bibi kwenye pochi. Sikujua meza ya ndugu yetu hapa ni ipi na sikutaka kuulizia hovyo, nikazunguka meza za katikati tu. Jinzi ya kwanza niliyoipenda ilikuwa nzuri sana kwa macho, bluu ya usiku, 15,000. Nikainua msamba juani. Mkono wangu ukaonekana upande wa pili, mpaka pete. Mwezi uliopita ningeinunua ile bila kufikiri.

Nilipima kumi na saba. Najua ni kumi na saba kwa sababu kijana wa meza alikuwa anazihesabu kwa sauti, akidhani nitachoka. Nilipofika ya kumi na mbili aliacha kuhesabu, akaanza kunitafutia mwenyewe, akawa anaingiza mkono chini ya rundo anasema mama jaribu hii, mama hii paja pana. Mwishowe nikapata mbili. Ya kwanza ya kike, pamba 98, elastane 2, kiuno 33, hipsi 43. Aliitaja 14,000, tukamalizana 11,000. Ya pili ya kiume kama dada wa Nairobi alivyosema (samahani kama ni kaka), nzito kama turubai, pamba tupu, kiuno 35, 8,000 kwa sababu zipu yake ilikuwa inakwama katikati. Hiyo ya pili nilichutama nayo chini ya dera mara tatu, na mara ya tatu nikakaa hukohuko chini kidogo, nikasikia nimeshikwa kila mahali sawasawa. Sijawahi kuvaa suruali iliyonishika hivyo.

Leso nilisugua zote mbili. Ya kike iliacha kivuli, ya kiume haikuacha kitu.

Fundi wangu wa hapa Buguruni ni mzee, nilimpa simu asome maneno ya Fundi wa Tandika. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho bila kusema neno, nikaogopa amechukia kufundishwa kazi. Kisha akasema huyu anajua, na kwenye ile ya kiume akaongeza ya kwake: badala ya kupenya juu kushoto na kulia, alifumua na ubavuni kidogo, kwa kuwa za kiume kiuno ni kipana mpaka mbele. Kwenye miguu alikata inchi nne, na vipande vya msambani akavikata mbele yangu, nimeshika mkasi mmoja yeye mwingine. Nilikaa kwenye benchi nikimtazama anavyovishona. Cherehani ya kukanyaga, anapeleka mbele nusu inchi, anarudisha, anapeleka, mistari imelala kama mvua ya upepo. Ukigeuza nje, unaona bluu tu.

Zipu ya ile ya kiume alitaka kununua mpya. Nikakumbuka ile jinzi ya Kariakoo bado ninayo, nilishindwa kuitupa kwa uchungu. Nikaenda nyumbani kuileta. Kitambaa chake alikivuta kwa vidole viwili kikatoa sauti ya karatasi, akasema hapa hakuna cha kuokoa. Lakini zipu ilikuwa nzima, ikatoshea. Kwa hiyo kitu kimoja cha ile 28,000 bado ninakivaa.

Hesabu: jinzi mbili 19,000, fundi 7,000 kila moja ni 14,000, jumla 33,000. Zile 2,000 zilinilipia nauli ya kwenda na kurudi na chai nikiwa namsubiri fundi.

Jumatatu nilivaa ya kike. Saa nne asubuhi msimamizi aliniita nihesabu boksi za rafu ya juu kabisa, nikapanda ngazi, chini wamesimama vijana sita na kalamu zao. Nilipofika juu ndipo nikagundua sijaishika suruali hata mara moja. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kazi.

Kijana wa Kimara, usikasirike kwa habari ya chumvi, ulinijibu wa kwanza na nilikuwa na wasiwasi sana usiku ule. Asanteni wote.

Kimara_Mwisho

Siwezi kukasirika dada. Mama yangu ndiye aliyenifundisha chumvi, nami niliamini tu. Hongera tena.

Jinzi_Tu_Karume

Nimefurahi kusikia. Huyo kijana aliyekuwa anahesabu nadhani namjua, meza yake haiko mbali na yangu. Ukirudi uliza jinzi za madereva, utaletwa kwangu.

Fundi_wa_Tandika

Mzee wako wa Buguruni ni fundi kweli, hilo la ubavuni kwa za kiume mimi nilisahau kulisema. Zivae kwa kupokezana, usiivae moja siku mbili mfululizo, kitambaa kilicholowa jasho kinaliwa haraka. Mwisho wa kila mwezi zigeuze ndani nje uangalie vile vipande. Ukiona uzi wa mistari umeanza kukatika, mrudishie mzee apitishe tena juu yake, ni kazi ya dakika kumi.

MamaTwaha_Buguruni

Sawa fundi, ya kiume iko kambani kivulini sasa hivi, imegeuzwa ndani nje.